Jaketi la Gikomba na mabanda ya Mlima Kenya

Jaketi nililipata Gikomba alfajiri ya Alhamisi, muda mfupi baada ya belo kufunguliwa. Wenye maduka ya mjini walikuwa wamekwisha kuondoka na kamera, ile mali safi ambayo haijashikwashikwa, na sisi wa nyuma tukasogea. Lilikuwa la buluu iliyopauka, zito, kola yake ndefu ya kufunika mdomo na pua. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, palikuwa na kijimfuko chenye zipu ambacho hakitoshi hata simu. Nilipotia vidole humo nikatoa kadi ya plastiki yenye maandishi ya Kijerumani na picha ya mtu aliyesimama juu ya mbao mbili ndefu, magoti yamekunjwa, theluji ikiruka nyuma yake kama vumbi la Juja Road.

"Hiyo ni ya watu wa barafu," mama muuzaji akasema. "Utaivaa wapi, kijana wangu?"

Nikamwambia naipeleka Mlima Kenya. Akanitazama kidogo, akapunguza shilingi hamsini.

Aliyenieleza kazi ya kile kijimfuko ni kaka mmoja wa mtaani kwetu. Aliwahi kuishi Norwei kwa miezi kadhaa kupitia chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, ambacho tangu kianzishwe mwaka 1987 kimepeleka vijana wengi nchi hiyo, wengine kucheza kandanda kwenye mashindano ya Norway Cup pale Oslo, wengine kwa mpango wa kubadilishana makocha na watu wa kujitolea. Kadi ile, alisema, ni ya kupandia lifti. Unakaribia lango, unasogeza mkono, lango linafunguka lenyewe na waya unakuvuta mpaka juu ya mlima. Halafu akaongeza jambo ambalo sijalisahau: wanaoipenda theluji kwa dhati hawapandi lifti. Wanapanda kwa miguu, siku nzima, hadi kwenye banda lililo peke yake mlimani, na hapo ndipo wanapoweka kambi.

Namna yao ni hii. Chini ya zile mbao za kutelezea wanabandika utepe mrefu wenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukisukuma mguu mbele, utepe unateleza. Mguu ukitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kuishika theluji. Zamani ilikuwa ngozi ya sili, siku hizi ni manyoya ya mbuzi na nailoni. Kwa mwendo huo mtu anaweza kupanda mteremko mkali akiwa na chakula cha siku nne mgongoni. Akifika bandani anatua mzigo, anawasha jiko la kuni, anajaza sufuria theluji na kuiyeyusha kwa sababu maji mengine hakuna. Kesho yake anatoka na mzigo mwepesi, anapanda miinuko ya karibu, anabandua utepe, anateremka, na jioni anarudi palepale. Kila mmoja hubeba koleo, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na kifaa kidogo kifuani kinachotoa mawimbi ya redio, ili maporomoko yakimfukia wenzake wajue pa kuchimba.

Hayo yote kaka yetu aliyaeleza vizuri, lakini sauti ilimbadilika alipofika kwenye mabanda yenyewe. Norwei kuna chama cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1868, na mabanda yake leo yanazidi 500. Mengi hayana mlinzi. Ukiwa mwanachama unapewa ufunguo, na ufunguo huo mmoja unafungua mabanda mengi nchi nzima. Ndani kuna stoo yenye unga, samaki wa kopo, kahawa. Unakula, unaandika ulichokula, unalipa. Kabla ya kuondoka unafagia, unapasua kuni na kuzipanga kando ya jiko, za yule atakayefika baada yako, labda usiku, labda amelowa, mtu ambaye hutamjua wala yeye hatakujua.

"Stoo imejaa na hakuna askari," alirudia mara tatu, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho kilikuwa kimepoa.

Sisi tunaoishi bonde la Mathare tunakijua kibanda cha mabati. Tunajua futi kumi kwa kumi, kitanda nyuma ya pazia, jiko mlangoni, na jirani anayekohoa nyuma ya ukuta usiozuia sauti. Tunajua pia kwamba ukiishiwa na chumvi unabisha mlango wa pili. Kwa hiyo nilipomsikia akieleza banda la Norwei sikuona jambo geni kama yeye alivyoliona. Niliona kitu cha kwetu kimepelekwa juu sana, mahali ambapo sote tuna haki ya kufika, nami nikatamani kujua kama hapa Kenya kipo.

Kipo, na mlima kilipo tunauona. Ukipanda juu ya paa la ghorofa la Huruma alfajiri, siku mvua imesafisha hewa na moshi wa Dandora haujainuka, ukatazama kaskazini kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, unauona Mlima Kenya. Hauonekani kila siku. Ukionekana, unakuwa kama jino jeusi lenye weupe ubavuni, na jua likipanda kidogo tu unafifia. Nimekulia mtaa huu na kwa miaka mingi nilidhani ni wingu.

Weupe huo umewachanganya watu tangu zamani. Mei 11, 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro akiwa na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri. Aliandika kwamba alipomuuliza mmoja wa viongozi wake wa njia kile cheupe ni nini, yule hakuwa na jina lake, alikiita baridi. Napenda jibu hilo. Neno theluji tulilipata kwa Waarabu, lakini mtu wa bara aliyetazama kwa macho yake alisema kitu kilivyo. Mwaka uliofuata, Desemba 3, Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka upande wa Kitui, na huko Ulaya wasomi waliokaa vitini mwao walibisha kwamba barafu haiwezi kuwa karibu na ikweta.

Mbao za kutelezea nazo zilifika huku mapema. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro nazo na kuteremka wakiteleza. Kwa upande wetu ilikuwa safari ya kinyume: Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, alipelekwa Ufini kujifunza, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi pale Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikataa kwenda kuchukua medali mpaka Boit afike, akamkumbatia kwenye mstari. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, akawa mwanamke wetu wa kwanza kwenye michezo hiyo.

Sisi hatukuwa na mbao. Tulikuwa saba, wa kikundi cha vijana kinachozoa taka nyumba kwa nyumba Mathare, na tulichokuwa nacho ni miguu. Anayeshusha magunia ya taka kutoka ghorofa ya saba na kusukuma mkokoteni hadi barabarani, siku sita kwa wiki, hahitaji kufundishwa kubeba. Kilichotusumbua ni pesa. Tulichanga kila Jumapili, kama chama chochote, mwaka mzima: ada ya hifadhi, matatu, kiongozi wa njia, chakula, mablanketi ya kulalia ya kukodi. Nguo zote zilitoka Gikomba. Ukizijua hizo nguo, ukifika mlimani utaona jambo la ajabu: wapagazi karibu wote wamevaa vilevile. Suruali na jaketi zilizoshonwa kwa ajili ya miteremko ya Ulaya zimevuka bahari ndani ya belo na zinapanda Mlima Kenya kila siku, mgongoni mwa vijana wa Naro Moru na Chogoria.

Kutoka River Road, Nairobi, hadi Naro Moru hazifiki kilomita 200. Lango la hifadhi liko mita 2,400, na usiku wa kwanza tulilala kwenye mabanda ya Met Station, mita 3,050, katikati ya mianzi na miti yenye ndevu za kuvumwani. Kiongozi wetu, mzee wa Naro Moru aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana, alitukataza kukimbizana. Juu ya hapo kuna mteremko wa tope ambao kila aliyeupita anauapia. Unakanyaga nyasi, mguu unazama mpaka gotini, unauvuta, buti linabaki. Halafu bonde la Teleki linafunguka, na lobelia wamesimama humo kama watu walioambiwa wangoje.

Mackinder's Camp, mita 4,200, ni nyumba ya mawe yenye vitanda vya mbao, na wenyeji wake halisi ni pimbi. Wananona, hawaogopi, na mmoja alichomoa mkate kutoka kwenye mfuko wetu tukimtazama. Hapo tulijifunza somo la jikoni. Mmoja wetu alikuwa amebeba maharagwe mabichi, akaapa kwamba githeri ndiyo itakayotupeleka kileleni. Kwenye urefu huo maji yanachemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi, na maharagwe hayajali yamechemka kwa saa ngapi, yanabaki mawe. Tuliteketeza mafuta taa bure kwenye jiko, kisha tukala uji. Usiku huohuo kijana wetu mdogo kuliko wote alianza kutapika na kushika kichwa. Mzee hakubishana na mtu. Alimvisha, akampa mpagazi mmoja, wakateremka gizani hadi Met Station, maana dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Asubuhi simu ikaingia: amekula chapati mbili. Nilimwona mzee akigeuka upande na kuvua kofia.

Banda lililonipeleka mlimani hasa ni lile la juu, Austrian Hut, mita 4,790. Lilijengwa ukingoni mwa barafu ya Lewis, mkabala na kilele cha Nelion. Ukiingia unakuta chumba cha kulia, vyumba vyenye vitanda vya ghorofa, harufu ya mafuta taa na soksi, na majina yaliyokwaruzwa kwenye mbao kwa visu. Mlango unaukaza kwa bega. Usiku maji ndani ya chupa yaliganda nikiwa nimeilalia.

Banda hilo lina deni ndani yake. Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian, mfupa wa mguu ukatokeza nje. Mwenzake, Oswald Oelz, ilibidi amwache kwenye kijirafu cha mwamba na kushuka peke yake kutafuta msaada. Wapandaji wa Mountain Club of Kenya walipanda, wakashindwa, wakapanda tena. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alifariki helikopta yake ilipoanguka akijaribu kusaidia. Kutoka Innsbruck, mji wa baba yake Judmaier, kikaletwa kikosi cha waokoaji, na baada ya zaidi ya wiki moja juu ya mwamba majeruhi akashushwa akiwa hai. Waaustria walilijenga banda kwa shukrani. Kwa hiyo kila anayelala humo, awe profesa wa Vienna au mzoa taka wa Mathare, analala ndani ya asante ya watu wengine.

Ukisimama mlangoni na kuinua macho utaona kilele cha Nelion, mita 5,188, na juu yake, mahali ambapo hata ndege wanasita, kuna kibanda kingine. Alikijenga Ian Howell mwaka huohuo wa 1970. Helikopta iliangusha vipande kwenye barafu chini, na yeye akavibeba hadi kileleni, akipanda mwamba huo peke yake mara 13. Mara 13! Nimelirudia jambo hili kwa watu wengi, na watu wa Mathare ndio wanaolielewa haraka zaidi, kwa sababu wanajua maana ya kubeba bati moja baada ya jingine hadi mahali pasipo na njia. Kibanda ni kidogo, mnalala mmebanana. Howell hakukijengea nafsi yake. Aliyechelewa, aliyekamatwa na giza au radi, anatambaa ndani na kuona asubuhi.

Kuna wengine waliopanda bila banda lolote. Januari 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki kwa sababu moja tu, kuupanda mlima waliokuwa wakiuona kupitia seng'enge. Felice Benuzzi na wenzake walijitengenezea vifaa kwa vyuma vya kuokoteza, kazi ambayo fundi yeyote wa jua kali angeiheshimu, na ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wawili wao walisimika bendera yao kwenye kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao, wakafungiwa. Nafikiri juu ya ile picha ya kopo kila nikiona watoto wa Kosovo au Mabatini, huku kwetu Mathare, wakichora mlima daftarini, pembetatu yenye kofia nyeupe. Mlima wanaouchora uko safari ya matatu moja kutoka walipoketi, na wengi wao hawataufikia kamwe. Hilo linaniuma. Shule zinazowapeleka watoto kuona twiga zingeweza kuwapeleka hata Met Station, walale usiku mmoja bandani, wasikie baridi ambayo yule kiongozi wa Rebmann aliitaja.

Na wakati hautungoji. Barafu ya Lewis ndiyo iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko zote katika ukanda huu. Ramani yake ya kwanza ya uhakika ni ya mwaka 1934. Wataalamu walipolinganisha na mwaka 2010 walikuta asilimia 90 ya ujazo wake imekwisha. Jirani yake, Gregory, imetoweka. Mwaka 2014 Lewis yenyewe ilikatika vipande viwili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba Mlima Kenya unaweza kubaki bila barafu yoyote kufikia miaka ya 2030. Nilitazama nikiwa mlangoni pa banda: kulikuwa na utando wa kijivu umelala kwenye kifusi, umepasuka, unatiririka mchana kwa sauti ndogo kama bomba lililosahaulika kufungwa. Karibu na hapo kuna kidimbwi kinachoitwa Curling Pond, kwa kumbukumbu ya mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Mzee alinionyesha kwa fimbo mahali barafu ilipofika alipoanza kazi. Fimbo ilipita juu ya mawe matupu, mbali sana, mpaka nikadhani amekosea.

Lakini usiku ule ilianguka theluji mpya. Tulitoka saa kumi alfajiri, taa kichwani, hatua moja pumzi mbili, na jua lilitukuta Lenana, mita 4,985, sita kati ya saba tulioanza. Mwenzetu mmoja alilia wazi, naye ni mtu ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani. Kusini kulikuwa na ukungu. Nilitafuta Nairobi nisiione, nikainua mkono kuipungia hata hivyo.

Wakati wa kushuka, kwenye mteremko mfupi juu ya banda, kijana mmoja alitoa gunia la nailoni, la aina ileile tunayozolea taka. Alikuwa amelibeba tangu Mathare bila kumwambia mtu. Mzee akakagua theluji kwa fimbo, akatazama kule chini kama kuna mawe, akakubali. Kijana akaliketia, akashika pembe zake mbili kati ya magoti, akajisukuma. Labda ilikuwa mita 30. Alienda kimya, kisha akapiga ukelele uliogonga Nelion na kuturudia, akafika chini amegeuka nyuma mbele, theluji imemjaa masikioni. Akapanda tena. Sote tukafanya zamu, na mzee naye akafanya, ameshika kofia.

Kabla ya kuondoka Austrian Hut tulifagia. Tulikuwa na mafuta taa nusu lita, kiberiti kikavu kwenye mfuko wa plastiki, na pakiti mbili za tambi. Hakuna aliyetuambia, hakuna daftari la kuandika. Tuliviacha juu ya rafu iliyo kulia ukiingia, mahali mkono unapofika gizani.

Nilipofika nyumbani nililifua jaketi na kulianika juu ya paa. Ile kadi ya Kijerumani niliirudisha kwenye kijimfuko chake. Jioni binti wa jirani, anayemaliza kidato cha nne, alipanda kuanua nguo, akaligusa na kuuliza kama ni kweli tulilala juu kule. Nikamwambia ni kweli. Akakaa kimya akiangalia upande wa kaskazini, ingawa saa hiyo hapakuwa na kitu ila moshi. Kisha akasema kikundi chao cha kanisa kinachanga kwa ajili ya Desemba, na jaketi hana.

Nikalitoa kwenye kamba nikampa. Nilimwambia zipu ya mkono wa kushoto inakwama, aivute polepole.